Kura Zetu Zilivyokaa Ng'ambo ya Kijito

Daraja letu ni magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa juu ya kijito. Limekuwa hivyo tangu nizaliwe. Mvua ndefu zilizopita, shosho yangu aliteleza juu yake akitoka kanisani, akaumia kiuno, na kwa wiki nyingi akawa anatembea chumbani kwa kujishika ukuta. Hakulia. Alisema tu kwamba daraja la kweli lazima lijengwe kabla hajafa, na kwamba mimi ndiye nitakayeliomba kwa maandishi.

"Mume wangu," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la babu, na kwetu mjukuu wa namna hiyo ni mume wa nyanya yake mpaka atakapooa. "Wewe umesoma siasa miaka minne. Sasa siasa imeniangukia kiunoni. Isome."

Tunaishi kupita Gatitu, mahali mji wa Nyeri unapochoka na mibuni inaanza. Tuko kaya kama thelathini kwenye mteremko kati ya barabara ya lami na kijito. Ng'ambo ya kijito kuna kanisa letu na shule ya msingi ambako sote tulisoma na ambako wazazi wetu hupigia kura. Kila uchaguzi, wagombea ubunge wa pande zote mbili huja kwetu, hula viazi vyetu, huahidi daraja. Baadaye yule wa ng'ambo husema, "Ninyi hamkai kwangu." Yule wa mjini naye husema, "Ninyi hamnipigii kura." Na wote wawili husema kweli, jambo ambalo lingepaswa kunishtua mapema.

Historia niliipata jikoni, shosho akimenya maharagwe. Aliniambia kuhusu siku ambazo mgombea alikuwa picha ya taa au jembe au jogoo, na marehemu babu akampigia jogoo kwa kuwa hakuwahi kuona taa ikiamsha mtu. Aliniambia kuhusu mwaka wa mlolongo, watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea wao katika uwanja wa shule hiyohiyo. Foleni yake ilikuwa ndefu mpaka ikazunguka vyoo vya wavulana, na bado ikatangazwa kuwa ndiyo fupi.

"Na hukuacha kupiga kura?" nilimuuliza.

"Kwa nini niache? Mimi nilijua nimesimama wapi."

Kisha, alisema, mipaka ikachorwa upya, eneo bunge letu kubwa likakatwa, nasi tukatupwa nje ya mji. Majirani wote walisimulia hivyo. Jirani yetu mzee, aliyestaafu kazi ya kupima kahawa kiwandani, alisimulia kwa uchungu zaidi: "Walitukata kama mkia wa mbuzi, ati tusiharibie watu wa mjini hesabu."

Mimi sikuwa nimejiandikisha kuwa mpiga kura. Chuoni nilikuwa na hoja nzuri dhidi ya jambo hilo, na marafiki wa kuzisikiliza. Lakini hadithi ya watu kukatwa kama mkia iliniwasha. Tuliposikia kwamba kutakuwa na kikao mjini cha kukusanya maoni kuhusu mipaka, niliandika waraka wa kurasa nne. Niliwashutumu waliochora mistari bila kukanyaga udongo. Niliomba turudishwe mjini. Jirani aliusoma mara mbili na kuninunulia soda.

Siku ya kikao tulifika ukumbini watu kumi na mmoja kutoka kwetu, shosho akiwa na mkongojo wake na kanzu ya Jumapili. Nilisoma waraka wangu kwa sauti. Nilipomaliza, dada mmoja wa mipaka aliyekaa kwenye meza ya mbele, mdogo pengine kwa umri kuliko mimi, alikunjua ramani.

"Nionyeshe nyumba yenu," alisema.

Nilimwonyesha barabara, mibuni, kijito.

"Lakini mpaka ni kijito. Ninyi mko upande wa mjini."

"Tangu lini?"

"Tangu mstari huu uchorwe. Hakuna aliyewatoa."

Ukumbi ulicheka. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Kijana, mwambie shosho akuongoze nyumbani usipotee!" Nilikaa chini masikio yakiwaka. Nilikuwa nimetilia shaka serikali, vyama, vitabu na walimu wangu. Kitu pekee ambacho sikukitilia shaka ni nilichosikia jikoni.

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika juu ya mteremko, jirani alisimama kando ya lami penye safu ya maua ya itoka. Kwetu itoka ndiyo alama ya mpaka wa shamba. Kiazi chake hakifi, na kuling'oa ni kujitafutia laana.

"Hapa ndipo tulipokosea," alisema polepole. "Mashamba yalipogawanywa, wazee walipanda itoka hili. Ukoo wetu ulikuwa na ardhi huku na ng'ambo ya kijito. Kijito hakikugawa mtu. Mji ulianzia hapa, kwa itoka. Sasa waandikishaji walipokuja, tukaenda wapi? Tukashuka shuleni. Hakuna aliyetutuma."

Kwa hiyo hatukukatwa. Ramani ilituweka mjini, nasi tukabeba kura zetu wenyewe, tukazivusha juu ya magogo mawili, tukaziacha ng'ambo kwa watu wasioweza kutumia shilingi moja upande wetu. Uchaguzi baada ya uchaguzi. Nilitaka kucheka, nikakuta nataka kulia.

Dawa ilikuwa nyepesi: kwenda ofisi ya usajili mjini, kuhamisha kura. Kaya nyingi zilikubali wiki hiyohiyo. Shosho alikataa.

"Mawe ya shule ile niliyabeba kwa mgongo, mama yako akiwa tumboni. Kura yangu inakaa pale."

"Shosho, daraja ni lako. Kiuno ni chako."

"Na shule ni ya nani?"

Siku tatu aliniwekea chai bila kunitazama. Nami nilijua kwamba majirani waliobaki, hasa akina mama wa rika lake, walikuwa wanangoja kuona atakachofanya. Bila wao, mgombea wa mjini angetuhesabu tena na kutuona wachache.

Siku ya nne alikuja mlangoni mwangu asubuhi, kanzu ya Jumapili mwilini.

"Mume wangu, kura yako iko wapi?"

Nilianza ile hoja yangu ya chuoni. Niliifikisha katikati.

"Nimeuliza iko wapi, sijauliza unafikiri nini."

"Haipo, Shosho."

"Haipo." Alitikisa kichwa. "Mimi unaniambia nihame, na wewe hujawahi hata kufika. Mimi nitavuka ukivuka."

Tulienda pamoja. Mashine ilikataa vidole vyake mara tano, kwa kuwa miaka ya kuchuma kahawa imeisugua mistari yote. Karani akampa kitambaa chenye maji, akamwomba ajaribu kidole gumba. "Jaribu na cha mguu," shosho akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Gumba la kushoto likakubali. Kidole changu kilikubali mara ya kwanza, na shosho akasema ni kwa sababu hakijafanya kazi. Jioni hiyo akina mama saba walikuja kumuuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Bado napiga kura kwa mashaka. Sidhani kura ni dua. Lakini tulipopeleka ombi letu la daraja kwa mbunge wa mjini, lilikuwa ukurasa mmoja wenye majina na vituo vya kupigia kura, na hakuna aliyetuambia hatumpigii kura. Mwezi uliopita walikuja watu wawili wenye kamba ya kupimia. Walipigilia vigingi vinne, viwili kila upande wa kijito, wakasema watarudi mvua zikikatika.

Nilimwambia shosho kwamba kigingi si daraja. Alikubali. Kisha akachukua jembe, akapanda mteremko na mkongojo wake mpaka kwenye safu ya zamani, akachimba machipukizi mawili yaliyoota pembeni bila kuligusa itoka mama. Akayapanda kando ya vigingi vya upande wetu.

"Kigingi mtu huiba akawashia moto," alisema, akijipangusa udongo. "Hili hakuna atakayeligusa. Wakirudi watakuta tumewashikia nafasi."

Nilimpa mkono. Tukavuka magogo taratibu, mimi nikitangulia kinyumenyume, kwenda kanisani.