Fundi Feki na Mwanya wa Dada Yake

Mtaa mzima ulimwita Fundi Feki, na jina hilo lilimkera kweli. Hebu fikiria: mtu anashinda kutwa amepinda mgongo, anachonga meno, anayasugua kwa msasa, vikongwe wanatoka kwake wanatafuna nyama kama vijana, halafu shukrani yenyewe ndiyo hiyo! Mimi ningenuna mwaka mzima. Yeye alijibu tu kwamba meno yake ni ya bandia, feki ni mambo ya matapeli.

Safari hii kazi ilikuwa ya dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na aliyekuwa akimwita kutoka michezoni kwa mluzi uliopita kwenye mwanya wa meno yake. Mwanya ule ulisifiwa, jamani! Sasa meno ya mbele yalikuwa yamekwenda, na mwenyewe alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Bintiye alikuwa anaolewa, naye dada alikwisha kuapa: bila meno, harusini hatii mguu.

Fundi akajitahidi kuliko siku zote. Meno yakatoka meupe pe, yamenyooka, yanameremeta. Dada akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akayatoa polepole.

"Mazuri, mdogo wangu," alisema. "Lakini huyu si mimi."

Fundi akayaweka mezani, akaketi. Mpwa wake, ndiye huyo bibi harusi, mwalimu wa Kiingereza, alimkuta amejiinamia akinung'unika kwamba kumbe mtaa haukumsingizia. Ili kumchangamsha akamsimulia asili ya jina lake. Neno feki tumelikopa kwa Waingereza, na kwao lilianza kuwa neno la wezi na walaghai, la kukipamba kitu kibovu kipate mnunuzi. Kabla ya hapo lilitoka wapi, hakuna mwenye hakika. Wapo wanaodhani ni neno la Kijerumani la kufagia na kung'arisha.

"Kung'arisha?" fundi akauliza.

"Ndivyo wanavyodhani, mjomba."

Akayatazama yale meno mezani. Naam, ameyang'arisha weee, mpaka akamfuta dada yake asionekane. Basi mpwa hata kuagwa hakuagwa. Mjomba alikwisha kuvaa miwani. Akaanza upya. Meno haya akayapa rangi ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote, moja akalilaza upande kidogo, na katikati akaacha mwanya.

Dada alipoyavaa, kioo hakukigusa. Alipitisha ulimi taratibu mpaka akaufikia mwanya. Mara dada akavuta pumzi akapiga mluzi, ule ule wa kumwita nyumbani jioni.

Fundi, na mvi zake zote, alijikuta amesimama wima mlangoni.

"Labeka, dada," akaitika, na machozi yakamtoka.