Oili Iliyochemka Mbele ya Mama Mkwe

Hili naona haya kulisimulia. Nilikuwa nampeleka mama mkwe kutoka Kisarawe hadi Kibaha kumwona mjukuu wake wa kwanza. Gari langu dogo nilikuwa nimelitia injini ya lori kwa mikono yangu mwenyewe, nikataka aone mkwewe ni fundi.

Karibu na Kongowe, mshale wa joto la oili ukapanda hadi kwenye alama nyekundu. Nikasimama. Nikapima oili, imejaa. Nikalala chini ya gari na kanzu yangu nyeupe, sikuona panapovuja. Nikamlaani aliyeniuzia oili, nikajiandaa kuimwaga yote.

"Mwanangu," mama akaniita kwa upole, amesimama mbele ya gari. "Hili nalo linavaa buibui?"

Nikainuka. Asubuhi, kwa furaha ya kumpokea, nilikuwa nimefunga kanga mpya usoni mwa gari, ikaziba mabomba ya kupozea oili niliyoyaunganisha mwenyewe. Upepo ungepita wapi? Nilikosa pa kuuficha uso.

Mama akaifungua, akaikung'uta vumbi, akajitanda.

"Ni yangu, siyo?"

"Ni yako, mama."

"Ahsante, baba. Basi kaa kivulini, nawe upoe."