Pua ya Bi Mabua

Miaka kumi na minne Bi Mabua alipika mabua ya ngano kwa salfa na magadi makali kwenye kiwanda cha zamani cha karatasi, na mvuke ule ukamnyang'anya pua. Hakusikia tena harufu ya sabuni, ya mvua wala ya utosi wa wajukuu. Mumewe, fundi cherehani asiyeishiwa utani, alisema amepata mke bora duniani: hata yeye akiunguza mboga, hashitakiwi.

Kiwanda kilipofungwa, binti wa marehemu dada yake, aliyesomea kemia, alikodi ghala, akanunua pipa nene la chuma, akamwita mama yake mdogo aje kazini. Alimweleza kwamba humo mabua yangepikwa kwa spiriti na maji. Spiriti ingeyeyusha ile gundi inayoshikanisha nyuzi, kisha ingekusanywa, isafishwe na kutumika tena. Bi Mabua akauliza kama karatasi yake haitakuwa ya kilevi. Lakini alipoona nyuzi za kwanza zikitoka laini kama pamba iliyolowa, na macho yake hayawashi, alishukuru.

Mwaka wa pili, asubuhi moja pipa likiwa limeshapata joto, kitu kitamu na kikali kilimchoma puani. Alidhani ni mawazo tu. Kikamchoma tena. Hakungoja mara ya tatu: alifunga bomba la mvuke, akafungua milango yote, akawatoa wenzake sita nje, mmoja akiwa na kikombe mkononi.

Pipa lilipopoa, yule binti mkemia alikuta mpira wa kuziba kifuniko umechanika; hapo ndipo mvuke wa spiriti ulipovujia. Kengele ya kugundua uvujaji ilikuwa imekufa, na hakuna aliyejua. Cheche moja tu ingewamaliza wote.

"Mama mdogo, umejuaje?"

"Nimesikia harufu."

Binti alimtazama, kwa kuwa alijua maana ya neno lile. Akamkumbatia palepale uwanjani. Bi Mabua akaacha uso wake shingoni mwa yule binti kwa muda mrefu.

"Unanukia kama mama yako," alisema.

Mpira mpya ulifungwa na kengele ikatengenezwa. Alasiri Bi Mabua alirudi kujaza pipa, akichukua muda mwingi mno kwenye kila fungu la mabua, kwa kuwa kila alilobeba alilinusa kwanza. Hakuna aliyemharakisha.