Nilipoijaribu Kamera kwa Ng'ombe Aliyesimama

Mwanangu, kuna siku moja ya mbio za baiskeli hapa Bariadi ambayo kila nikiikumbuka naona aibu kwanza, halafu nacheka. Nilikuwa na duka la picha, na waandaaji walinipa kazi ya kukaa kwenye mstari wa mwisho na kamera ya kasi, ile inayopiga picha nyingi mno ndani ya sekunde moja. Waendesha baiskeli wakifika pamoja, picha yangu ndiyo inayoamua.

Siku mbili kabla ya mbio, kamera ikaleta ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu yake ya ndani. Nikaliweka. Ili kulijaribu, nikampiga picha ng'ombe wangu zizini. Akatoka safi, mpaka nzi waliokaa puani unawahesabu. Nikaridhika.

Kwenye fainali ya wanawake, Kabula, binti wa wafugaji wa Mwanhuzi, alifika sambamba na mwenzake. Zawadi ilikuwa ng'ombe mtamba mmoja. Nilipofungua picha, magurudumu yote mawili yalikuwa ukungu mtupu. Waamuzi wakaniuliza kulikoni, nikajibu ni vumbi. Hapakuwa na vumbi, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Wakaamua kwa macho, mtamba akaenda kwa yule mwingine.

Kesho yake Kabula akaja dukani. Akanisalimia kwa adabu, mwangaluka guku, kama babu anavyosalimiwa kwetu, kisha akauliza niliijaribu vipi kamera. Nikamweleza habari za zizini.

"Guku, ng'ombe wako alikuwa amesimama," akasema. "Mimi nilikuwa nakimbia."

Nikamwomba anisaidie. Tukaipindua baiskeli yake uani, tukabandika karatasi yenye herufi kwenye spoku, yeye akazungusha pedali, mimi nikapiga. Herufi zikayeyuka. Nikarudisha toleo la zamani, mahali palepale, jua lilelile, herufi zikasomeka. Nikachimba mpaka nikaona: toleo jipya lilikuwa limefuta mipangilio yangu, na kamera ikawa inafumba jicho polepole. Nikaliweka tena, safari hii nikapanga kila kitu upya. Herufi zikatoka kali kuliko za mwanzo. Sikuamini, nikamwambia azungushe tena, na tena, mpaka akaniuliza kama nimemgeuza mashine ya kusaga.

Mbio zilizofuata, kabla ya yote, niliwaambia waamuzi mbele ya watu kwamba lile vumbi lilikuwa uongo wangu. Nikazomewa, na nilistahili. Kisha Kabula na yuleyule mwenzake wakafika tena sambamba. Picha ikaonyesha kila spoku, na gurudumu la Kabula limetangulia kwa upana wa kiganja. Watu wa Mwanhuzi wakanibeba juujuu, mimi na kamera yangu, huku mama yake akimfunga mtamba wa zawadi ya safari hii kamba shingoni. Yule mtamba wa kwanza hakurudi, na hilo bado linaniuma.

Basi mwanangu, chombo kikibadilishwa, kijaribu kwa kazi ileile kitakayokwenda kuifanya. Tunza picha ya kabla, uwe na cha kulinganisha. Na ukikosea, sema mwenyewe, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako. Mungu akupe jicho kali na ulimi mnyoofu, na zizi lako lijae mpaka ushindwe kulifunga.