Mgeni wa Angani Sebuleni kwa Mama Mkwe

Mimi na mume wangu tulianza kubishana juu ya yule kiumbe wa kwenye sinema tungali Mbinga, siku tunafunga mizigo ya kwenda Liuli kumsalimia mama yake. Kahawa tulikuwa tumeshamaliza kuvuna, na yeye alikuwa amejaza sinema kwenye flashi, karibu zote za wageni kutoka sayari nyingine. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu makini, lakini mwonyeshe chombo kinachoshuka kutoka angani na chai yake itapoa mezani.

Ubishi wetu ulikuwa mmoja: kiumbe aonyeshwe wazi, au abaki kivulini?

"Aonyeshwe," alisema huku akikaza kamba ya mzigo. "Mtu akinialika chakula, halafu akanionyesha mvuke tu wa sufuria, nitasema nimekula?"

Nilikataa. Nimekulia kwenye vilima vya huku, ambako asubuhi ukungu unaweza kuficha hata mlango wa jirani. Nikiwa msichana nilitumwa maji, nikasikia kitu kinapumua ndani ya mibuni. Kikanyamaza. Kikapumua tena. Pale niliposimama nilikuwa nimeshakipa pembe, meno na mkia. Kisha akatoka nguruwe wa jirani, matope mpaka masikioni, akanipita bila hata kunitazama. Nilicheka, ila nakumbuka pia kwamba nilisikitika kidogo. Yule wa kwenye ukungu alikuwa mkubwa zaidi.

"Basi wewe unataka sinema ya ukungu," mume wangu alisema, na tukateremka ziwani tukibishana hivyo hivyo njia nzima.

Mama mkwe tulimkuta uani, akianika usipa, dagaa wa ziwa letu, juu ya kichanja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmekonda hivyo? Karibuni."

Wifi yangu, anayeishi naye pamoja na watoto wake, akatupokea mizigo.

Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula, tulifunga madirisha ya sebule, mume wangu akachomeka flashi kwenye televisheni. Sinema ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Chombo kilianguka karibu na kijiji cha wafugaji, na mbuzi wakaanza kupotea. Kiumbe mwenyewe hatukumwona. Tuliona majani yakilala, mlango ukisukumwa, kivuli kikipita ukutani. Watoto walijibana kwa mama yao. Nilimkanyaga mume wangu mguu, ajue kuwa nashinda.

Hatimaye mzee mmoja kwenye sinema akaenda ghalani na tochi. Mkono wake ukashika komeo.

Umeme ukakatika.

Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Tukafungua madirisha, tukatoka uani, na hapakuwa na habari nyingine tena siku ile. Wifi alisema kiumbe ni kambale mwenye mikono. Binti yake mkubwa alisema hana mwili kabisa, ni moshi wenye macho. Mume wangu alisema ni nusu nyama, nusu chuma, na chuma chenyewe kimechomelewa vizuri.

"Unaona?" nikamwambia. "Sasa hivi kila mtu ana wake. Wakituonyesha, tutabaki na mmoja."

Mama mkwe aliendelea kugeuza usipa wake. Baadaye akauliza, "Huyo mgeni, wenzake wako wapi?"

Wifi akarudi kwenye kambale wake.

Umeme ulirudi kesho yake tukinywa chai. Tuliacha vikombe, tukakimbilia sebuleni. Komeo likafunguka, tochi ikamulika, na kiumbe akaonekana mzima mzima, kuanzia unyayo hadi utosi: shingo ndefu, magoti ya panzi, ngozi imelowa, macho makubwa kama visosi. Watoto wakaangua kicheko.

"Ndiye huyu tu?" wifi akauliza.

Nikamgeukia mume wangu, ushindi tayari uko mdomoni. Lakini mama mkwe alikuwa ameinuka. Alisogea mpaka karibu na kioo, akainama.

"Pole, baba," akamwambia yule kiumbe. Kisha akatugeukia. "Mnacheka nini? Hamwoni anavyotetemeka? Huyu ni mtoto."

Tukatazama tena. Kweli alikuwa anatetemeka, amejikunyata nyuma ya magunia. Kicheko kikaisha chenyewe. Nje ya ghala, askari walikuwa wanashuka kwenye magari.

"Zima," Mama alisema.

"Mama, imebaki kidogo tu."

"Zima, mwanangu. Wasimkute."

Mume wangu, aliyebeba flashi ile kutoka Mbinga kwa ajili ya dakika hiyo hiyo, akazima. Kisha akanitazama akitabasamu. "Angefichwa, Mama angempa pole nani?"

Bado naamini kwamba ukitaka niogope, usinionyeshe. Lakini asubuhi ile niliona kwamba kumhurumia mtu kunataka uso wake. Kivuli kilitutisha, watoto wakajibana. Macho yale ya visosi yalimwinua mama mkwe kitini.

Habari zikaenea. Majirani wakaanza kuja kila jioni, sebule ikajaa mpaka mlangoni, na mama mkwe akakaa kiti cha mbele kabisa, rimoti mapajani. Kiumbe alipotokea walicheka kama sisi, na kama sisi wakanyamaza. Magari ya askari yalipoonekana tu, Mama akabonyeza kuzima.

"Aa, jamani!" mvuvi mmoja akalalamika. "Mwisho wake je?"

"Alirudi kwao," Mama akajibu.

"Nani kakwambia?"

"Nimekaa naye siku zote hizi. Namjua."

Sebule nzima ililipuka kwa kicheko, na mume wangu ndiye aliyecheka kuliko wote, ameegemea ukuta, anajifuta machozi kwa mkono wa shati.