Machi Bila Ndama

Kelsie Hasek alikuwa msichana wa kuzalisha ng'ombe, hilo kila mtu chuoni alilijua. Wenzake waliingoja likizo ya Machi wakajilaze ufukweni. Yeye alirudi Nebraska kwa baba yake, akashinda zizini na mabuti, akivuta ndama kwenye baridi ile isiyo na adabu. Hakulalamika hata siku moja. Mama alikwisha fariki, ndugu hana, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: amalize masomo, arudi, afuge na mzee.

Basi mwaka wa mwisho, mzee Verlin alipompigia simu kumwambia aende zake Chicago na rafiki zake, alidhani anataniwa.

"Na ng'ombe je, Baba?"

"Ng'ombe walikuwa wakizaa kabla yako. Nenda bwana, utazeeka hujaona kitu ila mikia!"

"Na Biskuti? Si ndiyo mimba yake ya kwanza?"

Biskuti ni mtamba aliyemlea mwenyewe kwa chupa, jikoni, kando ya jiko, theluji ilipomuua ng'ombe aliyemzaa. Alimfundisha kuja kwa mluzi. Verlin alikohoa kwanza.

"Yuko salama. Nenda, mwanangu."

Wakaondoka Ijumaa, watatu kwa gari la Britta, Dayna akiwa nyuma na mifuko ya vibanzi, wakiimba ovyo. Kila walipopita malisho, Kelsie aligeuza shingo.

"Yule mweusi amekaribia kuzaa," akasema.

"Haya, kaanza!" Britta akafoka. "Shoga, tunaenda mjini, hatuendi mnadani!"

"Mshushe akamzalishe," Dayna akadakia. "Atatukuta Chicago, kanuka mavi!"

Walicheka mpaka soda ikamwagika kitini.

Jumamosi waliukuta mto wa mjini umetiwa rangi ya kijani kwa sikukuu ya Waayalandi, na watu wazima, jamani, na kofia za kijani vichwani wanacheza barabarani. Kelsie alimnunulia baba yake moja. Alikuwa na furaha, kwa nini tufiche? Tangu amzike mama yake hakuwahi kucheka vile.

Jioni akapiga simu nyumbani. Na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Mwezi wa Machi Verlin huwa hana muda wa simu, anahema maneno mawili na kukata. Siku hiyo aliongea, akauliza amekula nini, na nyuma yake televisheni inatangaza mpira wa kikapu.

"Baba, umekaa?"

"Nimekaa. Kwani kukaa dhambi?"

Moyo ulimchoma. Lakini Britta alikuwa anamvuta mkono wapige picha na mto, akaenda.

Britta alimshusha nyumbani Jumapili alasiri, akageuza gari na kuondoka. Kelsie akasimama uani na ile kofia ya baba yake mkononi, akasikiliza. Hakuna ng'ombe aliyelia. Lango la zizi lilikuwa wazi, na matope yamechimbwa na magurudumu ya malori. Mbwa wao alilala mbele ya lango, hakuinuka hata kumlaki.

Verlin alitoka mlangoni, mikono mfukoni.

"Wako wapi, Baba?"

"Nimewauza. Malori yalikuja Ijumaa." Alikohoa. "Magoti yamekwisha, mwanangu. Januari nilianguka mle zizini nikashindwa kuinuka. Jirani asingepita, ungekuja kunizika. Sikutaka uwaone wakipakiwa."

"Na Biskuti?"

Mzee akatazama chini. "Aligoma kupanda. Ikabidi nimpigie mluzi wako."

Kelsie alimtupia ile kofia kifuani. "Ungeniita! Mimi ndiye niliyewavuta matumboni mwa mama zao, Baba! Hata kuwaaga umeninyima! Wao wanapakiwa, mimi niko njiani naimba kama mwehu!"

"Nilidhani nakuepusha na uchungu."

"Uchungu ulikuwa wangu pia!"

Giza lilipoingia walikula. Kelsie alikuwa na hasira ya kweli, na chini ya hasira hakujua tena atarudi kufanya nini mahali pale baada ya chuo. Sahani zilipotolewa, Verlin aliinuka kama alivyoinuka kila Machi ya maisha yake, akaitungua tochi msumarini, akakaa benchini na kuanza kuvaa mabuti akawakague ng'ombe. Alivaa moja. La pili likabaki mkononi, na uso wake ukabadilika.

Kelsie aliliona lile goti, limevimba mpaka suruali imekaza. Akaenda kuchukua mabuti yake, akaketi karibu naye.

"Vaa na hilo, Baba. Twende tukawaangalie."

"Hakuna kitu kule, mwanangu."

"Najua."

Wakatoka, mzee akimwegemea bega. Verlin alimulika majani makavu kona kwa kona, taratibu, kama desturi yake. Walipofika mwisho wa zizi, Kelsie akapiga mluzi, mmoja tu. Aliyekuja ni mbwa.