Meshi ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipofariki kule Naitiri, mke wangu aliniomba jambo moja tu. Hakutaka ng'ombe wala hema. Alisema, "Baba watoto, tisheti za mazishi chapisha wewe. Na nataka mama aonekane vile alikuwa." Nikamjibu haraka kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, asijali. Ilikuwa Jumatatu, na mazishi yalipangwa Jumamosi.

Kazi yangu ni hiyo kweli. Nina kibanda cha kuchapisha nguo Bungoma mjini, na siku hizi sehemu zetu ni nadra mtu kuzikwa bila sura yake kuwa vifuani mwa waombolezaji. Wino husukumwa kwa raba kupitia kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu, nacho tunakiita meshi. Penye picha, meshi imeachwa wazi. Kwingine imezibwa na dawa. Meshi ikiwa mbovu, hata fundi awe nani, kazi itakuwa mbovu.

Meshi nzuri, ile ya njano, nilikuwa naifuata Kitale. Ukiiwamba na kuigonga kwa kidole, inalia kama ngoma. Ile rahisi si meshi hasa, ni kitambaa cha pazia ninachonunua sokoni kwa mita. Kwa maandishi makubwa inatosha, lakini sura ya mtu inataka vidoti vidogo sana, na pazia huvimeza. Mafundi wenzangu walinicheka kwa pazia langu, nami nikawajibu: mchagua jembe si mkulima. Niliipenda sana methali hiyo kwa sababu ilinifanya nionekane hodari badala ya bahili.

Basi nikawamba pazia. Nilijiambia kwamba tisheti ya matanga huvaliwa siku moja, kesho yake inaenda kupalilia mahindi. Naandika haya nikiona aibu. Alikuwa mama wa mke wangu, nami nilimfanyia kazi ya kupalilia mahindi.

Hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja. Akija kwangu, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nikienda kwake, nilikohoa langoni ili apate nafasi ya kuingia jikoni, kisha tukajuliana hali ukuta ukiwa katikati. Kwa miaka kumi na moja nilijua sauti yake, kikohozi chake na ndara zake za bluu. Sura yake sikuijua. Katika familia yao kuna siku mkwe huleta zawadi, wakasalimiana na heshima hiyo ikalegezwa kidogo. Siku hiyo tuliiahirisha kila mwaka, mara mvua, mara karo.

Picha ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi. Mke wangu aliipiga sokoni Kamukuywa, na ndiyo pekee ambamo mama hakuficha uso kwa kiganja. Niliipeleka kutolewa kwenye karatasi ya plastiki bila kuikuza hata mara moja. Nilipochapisha, nilikagua maua ya kitambaa cha kichwani, nikakagua kola ya gauni na herufi za jina. Kila macho yangu yalipokaribia uso, yaliteleza pembeni yenyewe. Na kwa macho ya namna hiyo nikachapisha tisheti ishirini.

Alhamisi mchana mke wangu akaja kuzichukua. Aliinua moja, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Si ni mama."

"Ati mama?" Akaweka simu kando ya tisheti. "Angalia hapa. Kovu ya nyusi iko wapi? Na mdomo? Mama alikuwa anakunja hivi upande mmoja kabla acheke. Huyu ni mwanamke tu amekasirika."

Niliwaka. Nikamwambia wino haujakauka, simu yake ni mbovu, huzuni inamchanganya, na watu wangapi Naitiri wataangalia nyusi? Nilisema hayo yote nikiwa nimetazama meza. Hakupandisha sauti.

"Hujawahi kumwona mama," akasema. "Mimi nilikupea kazi ya mtu hujawahi kumwona."

Aliikunja ile tisheti polepole, akaiweka mezani na kutoka. Sijawahi kumwogopa mke wangu isipokuwa siku ile. Niliona wazi kwamba nikimzika mama yake na sura ya mtu mwingine, atanisamehe kwa mdomo tu.

Nilifika Kitale siku hiyo hiyo jua likielekea kushuka, nikakuta duka la meshi limefungwa. Mwenye duka, mzee mmoja Mwislamu, alikuwa msikitini hapo karibu. Nilisimama mlangoni nikihesabu saa zilizobaki hadi Ijumaa alasiri, gari la kuchukua mwili na nguo litakapoondoka. Aliporudi, nilimwonyesha tisheti.

"Hii ulitumia pazia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Imelegea. Kila ukivuta wino, uso unapanuka." Akapima kipande cha njano. "Imebaki hii tu, fremu moja. Lakini sikia, kijana wangu. Pazia linaficha. Hii itatoa kila kitu, hata makosa yako. Lazima umwangalie huyo mama vizuri."

"Ni mama mkwe, mzee."

Ameishi na sisi miaka mingi, akaelewa. Hakucheka.

"Basi umwombe ruhusa," akasema, akanifungia kipande changu.

Ijumaa asubuhi niliiwamba na kuigonga, ikalia. Mimi huchoma picha kwa jua: napaka meshi dawa, nalaza juu yake ile karatasi ya plastiki, na palipofunikwa na picha dawa haigandi, huoshwa kwa maji. Mawingu yalikuwa tayari yanakusanyika upande wa Elgon. Nikikosea dakika, picha itaungua au itaoshwa yote, na meshi nyingine haipo. Niliishikilia fremu kwa magoti. Nilihesabu kwa sauti, nikaiingiza ndani, nikaanza kuimwagia maji.

Macho ndiyo yaliyotoka kwanza. Yalinitazama moja kwa moja, nami nikaweka jagi chini na kutoka nje. Nikasimama mlangoni pa kibanda changu mwenyewe, nikakohoa, vile nilivyokuwa nikikohoa langoni kwake, nikasubiri. Mpita njia angeniona mwendawazimu. Kisha nikasema, "Mama, naingia. Ni kwa ajili ya binti yako." Nikaingia.

Nilimtazama. Kovu lilikuwapo, jembamba, juu ya unyusi wa kushoto. Mdomo ulikuwa umekunjwa upande mmoja, karibu kucheka, na ni vile vile mke wangu anavyoukunja wake akinikamata nikidanganya. Hadi siku hiyo sikujua aliutoa wapi. Niliosha vidoti vya lile kunjo kwa ncha ya kidole, taratibu, nikilia bila kujificha. Nilichapisha tisheti ishirini mpya, na mvua ilianza ya mwisho ikiwa kwenye kamba, nikaikausha kwa pasi. Gari liliondoka nazo zote.

Mke wangu alivaa yake. Jumamosi pale Naitiri, dadake marehemu alifika kutoka Kwanza, kule upande wa Kitale, akateremka garini na kumwona mke wangu. Alisimama. Halafu akamwendea, lakini si yeye aliyemsalimia. Alikiwekea kifua kile viganja viwili na kuanza kuigombeza sura ya dada yake kwa Kibukusu, kwa nini umeondoka bila kuniambia, kwa nini unanicheka, na wewe unajua mguu wangu ni mgonjwa. Mke wangu alimwacha amalize. Juu ya bega la yule dada, alinitafuta kwa macho katika umati hadi akanipata, akatikisa kichwa kukubali.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na wakwe wenzangu, wote tumeinamisha macho, maana kila tulipogeuka alikuwapo, vifuani mwa watu. Tisheti yangu niliivaa chini ya koti, nimefunga vifungo vyote katika jua lile, kwa heshima. Mke wangu alikuwa amemjua tangu azaliwe. Mimi nilimjua mama mkwe siku mbili, na zote mbili alikuwa ameshakufa.